Ukingo Mkavu wa Tongaren

Wairimu,

Sina salamu za kuandika. Tumeonana asubuhi hii, ukanikata jicho mbele ya mama yako, na hiyo inatosha kuwa salamu.

Mama yako amekupeleka kwa dada yake hapo Kitale mjini ukasukwe nywele za safari. Mimi nimebaki kwa meza ya jikoni na kalamu ambayo mkia wake uliutafuna wewe mwenyewe ukisoma. Naandika mchana kwa sababu macho yangu hayapatani na taa. Niliacha shule darasa la tatu, na mwalimu alisikitika sana siku niliyoacha, maana hakukuwa na mtoto mwingine wa kumbebea maji mengi kama mimi. Kwa hivyo ukiona herufi zimelala chali, usicheke. Nimechimba mitaro kutoka hapa mpaka Malakisi, na kila mmoja ulinyooka kuliko hizi herufi.

Sitakuambia ule vizuri. Sitakuambia habari ya wanaume wa Chwele. Hayo mama yako atayasema mpaka gari ling'oe nanga, na yaliyobaki atayamaliza kwa simu. Mimi nataka kujibu lile swali lako la Jumapili.

Tulikuwa tunapukuchua mahindi. Uliniambia kampuni iliyokuandika inajenga ukingo wa udongo nyuma ya soko la mifugo la Chwele, na kazi yako ya kwanza ni mtaro wa kutoa maji ndani ya huo ukingo: unachimbwa, unavishwa kitambaa, unajazwa kokoto na bomba la matundu katikati, halafu unafunikwa. Uliniambia vitambaa vimeshanunuliwa na viko stoo. Ni vile vya kufumwa, vinavyong'aa, matundu madogo kama macho ya panya. Na siku walipokuita ukaone kazi, ulipochekecha udongo wa pale ulikuta ni unga mtupu, udongo mwepesi unaotembea na maji, na ukapiga hesabu, ukaona hicho kitambaa kitazibwa. Ulimwambia mkubwa wako. Akakujibu, "Msichana, kitambaa ni kitambaa. Mvua iko karibu. Laza."

Halafu ukaniangalia na gunzi mkononi, ukasema, "Baba, nikikataa watanifuta hata kabla sijajua choo kiko wapi. Nifanye nini?"

Na mimi nikacheka. Nilicheka mpaka nikakohoa, nikainuka nikaenda kwa ng'ombe.

Mama yako alinifuata huko. "Mzee, wewe ni mtu wa aina gani?"

Nikamwambia ashike ndoo.

Ulifikiri nimekucheka wewe. Ni kweli, nilikucheka. Mtoto amesomeshwa mpaka amepigwa picha na kofia ngumu, picha imetundikwa ukutani karibu na kalenda ya kanisa, halafu anakuja kuuliza habari ya mtaro kwa nani? Kwa mtu ambaye huko Tongaren anaitwa Gunia. Wewe mwenyewe ulirudi ukilia siku tulipoenda harusi huko ukiwa mdogo, ati wamekuita mtoto wa Gunia. Nikakuambia nyamaza. Ukanyamaza, na hukuuliza tena. Tangu hapo umeokota hii habari vipande vipande, kingine kwa mama yako, kingine kwa midomo ya kanisani, na umeishona vibaya. Wacha nikushonee.

Wewe una jina la mama yangu, ndiyo maana nakuita maitu, mama kwa Kikuyu, tangu uzaliwe. Lakini mama yangu hakuwa na shingo laini kama ya kuku wa gredi. Alitoka Nyeri na jembe moja, akafika hapa akakuta baridi na nyasi ndefu kuliko bwana yake, na hakuuliza mtu afanye nini. Sijui hiyo shingo uliitoa wapi. Si kwangu.

Wakati ule nilikuwa foroman wa kazi ya udongo, na hakukuwa na foroman kama mimi. Si majivuno, uliza mtu yeyote aliye hai. Nilikuwa nachota udongo kwa kiganja, nautemea mate, nausugua kwa kidole gumba, na nakuambia kama utakaa ama utateleza. Wenye tingatinga walikuwa hawawashi mashine mpaka nifike. Wakinitania nawatania zaidi. Nilipendwa, Wairimu. Hutapendwa hivyo.

Tulikuwa tunapanua barabara ya Tongaren. Tulikata kilima, na ukingo ukabaki umesimama nyuma ya kinu cha posho cha rafiki yangu Wafula. Kila mvua ikinyesha huo ukingo ulikuwa unalia maji, tope linaingia kwa kinu, na watu wa mahindi wanalalamika ati unga unanuka shamba. Mchoro ulisema tufanye mtaro nyuma ya ukingo, uvishwe kitambaa, ujazwe kokoto. Kokoto zilikuja. Kitambaa kilikuwa kinatoka Nairobi, na kila siku tuliambiwa kiko njiani. Injinia wa hiyo kazi, kijana mwembamba hivi mwenye miwani, akasema tungoje.

Mimi kungoja? Mawingu yamekaa juu ya Elgon kama ng'ombe wanaongoja geti lifunguliwe, na mimi ningoje kitambaa?

Huku ni nchi ya mahindi. Gunia za plastiki ziko kila stoo, kila uvungu wa kitanda. Nikapanda juu ya lundo la kokoto nikawaambia vibarua: Gunia inashika mahindi, sivyo? Ndiyo. Na mahindi ndani inakauka, sivyo? Ndiyo. Basi upepo unapita. Kitu kinachopitisha upepo kitapitisha maji, na kitu kinachoshika punje kitashika udongo. Wakapiga makofi. Mmoja akapiga mluzi.

Yule kijana injinia akasema, polepole, "Mzee, hiyo haijapimwa."

Nikamuuliza, "Kijana, na wewe umepimwa?"

Watu walicheka mpaka wengine wakaketi chini. Yeye akaingia kwa gari yake akafunga kioo. Nilimwona ndani anafungua karatasi na kuzifunga. Hakutoka mpaka jioni, na alipotoka tulikuwa tumeshaanza kulaza.

Gunia tulizipasua, tukazishona moja kwa nyingine kwa sindano ya gunia. Mama yako alishona, na wanawake wenzake wa kanisa, wakiimba. Mimi mwenyewe nilishuka kwa mtaro nikazilaza, nikapandanisha vile bati hupandanishwa, ya juu ikimwagia ya chini, bila kukunja, bila kuacha mfuko wa hewa kati ya gunia na udongo. Kokoto nikakataza zisirushwe kutoka juu, ziteremshwe kwa karai, ili zisitoboe. Kazi safi. Mpaka leo nakuambia ilikuwa kazi safi.

Na ilifanya kazi! Hiyo ndiyo sehemu watu wa Tongaren hawapendi kukumbuka. Mvua ya kwanza maji yalitoka kwa bomba, mekundu kama chai ya matanga, halafu yakapungua wekundu. Ukingo ukaacha kulia. Mvua zilizofuata maji yakawa kidogo. Halafu yakawa matone. Halafu bomba likakauka kabisa, na nje inanyesha mvua ya kuua vifaranga.

Watu husema nilikosea kwa gunia. Gunia ulikuwa ujinga tu, na mjinga hufundishwa. Kosa langu ni lile la siku hiyo. Nilisimama mbele ya bomba kavu, mvua inanichapa mgongoni, na nikafurahi.

Nikamwita Wafula. "Kuja uone! Kavu! Hata tone! Nimekuponyea huu ukingo!"

Wafula alitoka kwa kinu amepakaa unga mpaka kope. Yeye husema l mahali pa r, na ukimrekebisha anafanya makusudi. Akainama, akaingiza kidole kwa bomba, akakitoa mkavu. "Folomani," akasema, "sasa maji imeenda wapi?"

Nikamjibu, "Imeniona ikarudi juu."

Tulicheka wote wawili, tukashikana mikono. Aliniamini. Kwa nini asiniamini? Si mimi ndiye nilisema? Na kwa vile aliniamini, alijenga chumba cha pili cha kinu huko nyuma, chini kabisa ya ukingo, pale ambapo zamani hakuna mtu angefunga hata mbuzi. Nilimsaidia kuchimba msingi. Mke wake Nekesa alituletea chai na mahindi ya kuchemsha, akaniambia, "Foroman, mwaka huu nitasaga bila gambuti. Umenitoa kwa matope."

Maji hayakuwa yamerudi juu. Yalikuwa nyuma ya gunia. Ule unga wa udongo ulitembea nayo mpaka ukafika kwa uzi, ukajipaka hapo kama ugali unavyojipaka kwa sufuria, na kila mvua ikaongeza mkono mwingine. Gunia nyuzi zake ni bapa, zimelaliana, na matundu yake ni moja moja, na moja likizibwa hakuna mlango mwingine. Wewe hayo unayajua kwa majina yake ya kitabu. Mimi nayajua kwa vile yanavyoonekana yakifukuliwa. Nyuma yake maji yalisimama na kupanda, yakasimama na kupanda, na huku mbele ukingo ni mkavu, unapendeza, watu wanapita wanausifu, na mimi naitwa kwingine nikafanye vile vile.

Ukingo ulishuka mchana, siku ya soko, jua likiwa limetoka. Haukupiga kelele kubwa. Uliketi chini, kama mtu mnene aliyechoka, na chumba cha pili kikawa hakipo. Nekesa alikuwa ndani na gunia la mteja.

Tulimtoa jioni. Nilichimba kwa mikono, maana foroman nilikuwa mimi. Vitu vya kwanza nilivyofikia ni gunia zangu. Zilikuwa nzima, Wairimu. Hakuna mshono hata mmoja uliofunguka. Mama yako alishona vizuri. Nilizivuta, na upande wa nyuma zilikuwa laini na zinateleza kama tumbo la kambale.

Watu walitaka niombe msamaha kanisani. Mchungaji alikuja hapa, akaketi kwa hicho kiti chako, akaniambia, "Mzee, neno moja tu. Simama useme neno moja, watu watapumzika."

Nikamwambia, "Neno nilishasema. Nilisema kavu. Hilo ndilo lililomwua, na sina lingine la kuongeza juu yake."

Akasema mimi ni jiwe. Nikampa chai akanywa akaenda. Mpaka leo sijasimama, na sitasimama. Wewe usisimame kwa niaba yangu nikishakufa, nitakuja kukuketisha.

Wafula naye hakunipiga. Hakunishtaki. Angenipasua kichwa kwa chepe ningejua pa kuweka uso. Aliuza mashine, akaingia biashara ya mbuzi. Na tukikutana, iwe ni matanga, iwe ni soko, ananijia na mikono miwili, ananishika huu wangu, na mbele ya watu ananiuliza kwa sauti ya mtu anayeulizia watoto, "Folomani, bado ni kavu?"

Na anangoja. Haachilii mkono mpaka nijibu.

"Bado," nasema.

"Asante. Mungu akubaliki." Anaachilia, anaenda kwa mbuzi wake.

Amefanya hivyo tangu ukiwa hujajua kutembea. Mama yako alimwambia mara moja, "Baba Simiyu, si ungemwacha tu huyu mzee?" Wafula akamwambia, "Mama Wailimu, mimi namsalimia tu."

Sasa unajua mbuzi zake anauzia wapi? Anazipakia kwa pikapu kila soko, anateremka nazo Chwele, na pale mahali pake pa kufunga ni nyuma kabisa, chini ya ukingo wenu, kwa sababu kuna kivuli na hakuna anayemsukuma. Ndiyo maana nilicheka Jumapili. Nilifikiri Mungu ananifanyia mzaha, na mzaha wake ni mrefu.

Ile likizo yako ya kabla ya mtihani wa mwisho, ulirudi na chupa mbili za maji zilizokatwa matako. Moja ulifunga mdomo wake kwa kipande cha gunia, nyingine kwa kile kitambaa kinene kama blanketi ulichopewa huko chuoni. Juu ukaweka udongo uliomtuma binamu yako akuletee kutoka Tongaren, ukamwaga maji. "Baba, kuja uone," ukaniita. Nikaja. Kwa blanketi maji yalitoka machafu kidogo, halafu yakatakata, yakaendelea kutiririka. Kwa gunia yalitoka, yakapungua, yakakoma, na juu yakasimama kama kisima. Ulikuwa umefurahi. Ulidhani unanionyesha kitu.

Nilizipiga teke zote mbili. Ukaniita mzee mkatili, ukalala bila kula.

Ni kweli mimi ni mkatili. Lakini huo udongo uliouleta kwa karatasi, mimi niliutoa kwa mdomo wa mke wa rafiki yangu kwa hiki kidole ninachoshikia kalamu. Huwezi kunionyesha huo udongo kwa chupa halafu utabasamu.

Hesabu zako ni kweli kuliko mate yangu. Hiyo nimeandika, na sitaitamka kwa mdomo, kwa hivyo weka hii karatasi. Kile ambacho mimi sikuelewa mpaka nikazeeka ni kwamba nilitaka kitu cha kuzuia. Kitambaa kizuri hakizuii kila kitu. Kinawaacha wale wadogo wa mbele, punje ndogo za udongo, watoroke, wakubwa wanabaki mlangoni wameshikana mabega, nyuma yao wengine, mpaka udongo wenyewe unajizuia, na maji yanapita katikati yao bila kumsukuma mtu. Mlango ukiwa mpana sana, kilima chote kinatoroka na bomba linajaa. Ukiwa mwembamba sana, hatoki hata mmoja, wanakanyagana hapo mpaka wanakuwa ukuta. Mimi nilijenga ukuta nikauita mtaro.

Kwa hivyo maji ya kwanza yatatoka machafu, na mkubwa wako atapiga kelele. Mwache apige. Yakiendelea machafu mvua baada ya mvua, fukua. Na siku mvua inanyesha na bomba ni kavu, usiite mtu aje kuona. Toa watu hapo chini, hata kwa mawe.

Lakini hayo si jibu la swali lako. Hayo ungeyapata kwa mwalimu wako yeyote.

Jibu lako liko kwa yule kijana wa miwani. Nimemfikiria miaka yote hii kuliko ninavyomfikiria Nekesa, na hiyo ni aibu lakini ndivyo ilivyo. Mimi nilikuwa sijui. Mimi nilikuwa na makofi na mate kwa kiganja. Yeye alijua. Alikuwa na karatasi, alikuwa na hesabu, alikuwa na neno la kusimamisha kazi, na neno lake lilikuwa na nguvu kuliko langu mbele ya serikali. Alilisema mara moja, polepole. Watu wakacheka, na akaenda kufunga kioo. Siku ya mazishi hakuja. Nimesikia anafanya kazi nzuri mahali. Ningempata leo ningemtemea mate, na si kwa sababu ananizidi ubaya. Ni kwa sababu alikuwa sahihi na haikumsaidia mtu.

Na Jumapili uliponiuliza "nifanye nini", nilimwona ameketi kwa kiti cha nyumba yangu, na gunzi mkononi, na jina la mama yangu. Ulikuwa unajua. Ulikuwa umechekecha, umepima, umeandika. Ulichokuwa unauliza ni kama unaweza kufunga kioo. Ulitaka baba yako akuambie, "Laza, mtoto wangu, wewe ni mdogo, si wewe uliyenunua." Ulimchagua mtu wa kukuambia hivyo, na ulimchagua vizuri, maana nani mwingine angeona haya kukukataza?

Mimi sina haya.

Mama yako anasema nikuache. Anasema kazi haipatikani, ati ukikataa wataleta mwingine na huyo mwingine atalaza tu, na sisi tutabaki na wewe hapa na picha yako ya kofia. Ni kweli yote. Wataleta mwingine. Huyo ana baba yake.

Wewe ukifika huko, usikatae kwa simu, wala kwa karatasi ya kuacha mezani, wala ndani ya gari. Kataa ukiwa umesimama kwa mtaro, vibarua wakiwa wanasikia. Mkubwa wako atakuuliza kitu kama nilichomuuliza yule kijana. Atakuwa na mdomo mzuri, watu wa namna yangu hatukosi. Watacheka. Utasikia masikio yanapata moto, na hutapata jibu zuri hapo hapo. Jibu zuri utalipata kesho yake ukioga, kama watu wote. Usilitafute. Sema tena lile la kwanza, kwa sauti kubwa zaidi, na usitoke hapo. Wakicheka tena, sema tena. Wakitaka kulaza, ingia kwa mtaro uketi. Utachafua nguo, mama yako atazifua.

Ukimwona Wafula, msalimie. Usimwambie wewe ni nani. Atajua mwenyewe, una uso wangu, pole. Akikushika mkono kwa mikono miwili akuulize kitu, usilie mbele yake. Hajafanya hivyo miaka yote hii ili apewe machozi.

Sasa mambo ya nyumbani. Wakikufukuza kwa sababu ulikataa, kuja. Sitachinja kuku. Nitakuuliza kila asubuhi kama umepata kazi, mbele ya wageni pia, na nitakusemea maneno ambayo mama yako atayakemea. Utapalilia mahindi na hicho cheti chako. Lakini utakuwa umekuja kwenu, na chumba chako sitakijaza gunia.

Ukilaza hicho kitambaa na ukabaki na kazi, kaa huko na mshahara wako. Usiutume hapa. Usije Krismasi. Mama yako nitamweleza mimi mwenyewe, na akitaka kukufuata nitamfungulia geti. Nimeishi na mtu mmoja wa aina hiyo ndani ya hii nyumba, nikimnyoa ndevu kila asubuhi, na hakuna nafasi ya wa pili.

Gari la Chwele hutoka asubuhi. Sitakusindikiza stendi. Anayesindikizwa ni mgeni, na wewe bado si mgeni hapa.

Baba yako